Sindano Haikumuua Mama Yako

Skola mwanangu,

Tulifundishwa, na mimi nikawafundisha wengine, kwamba barua huanza kwa kuuliza hali ya mtu na kumwambia kuwa huku sote hatujambo. Ni adabu tu. Hakuna anayengoja jibu. Leo nakuuliza hali yako, na jibu nalitaka. Juzi asubuhi ulikaa kwenye kigoda pale uani, ukavua soksi, ukabonyeza muundi kwa kidole gumba. Ulipoondoa kidole, shimo lilibaki. Ukalitazama, ukabonyeza tena pembeni yake, kisha ukashusha sketi haraka uliponiona nimegeuza kichwa. Ulidhani macho yangu yamekwisha. Yamekwisha kwa kusoma, si kwa hilo. Shimo kama hilo nililiona kwenye mguu wa mama yako.

Sasa hivi ni alasiri. Umekwenda Makanyagio kumuaga shangazi yako, nami nimekuomba usiharakishe kurudi. Naandika mistari michache, napumzika, naandika tena. Mambo ya safari sitayagusa. Shangazi yako atakuwa ameshakwambia habari za chandarua, za ndoo yenye mfuniko, za majirani wa nyumba za walimu, na za wanaume. Yote hayo anayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja, na limenikaa kooni tangu ukiwa darasa la tatu.

Ulipopata habari kwamba umepangiwa shule Mishamo, nilikuuliza kama kuna kituo cha afya karibu. Ulikuwa unachambua maharage. Hukuinua macho. Ukasema, "Kipo, baba. Si ndiko alikohamia yule Deusi? Kituo chenye mtu aliyemuua mama yangu sikanyagi. Bora nifie njiani."

Nimenyamaza tangu siku hiyo, na kesho unaondoka. Kwenye begi lako, chini ya vitenge, nimeona umeweka lile kopo la maziwa lenye unga wa mzizi wangu. Najua unakunywa. Unakunywa kwa sababu miguu inavimba, na unaamini mwili wako umejaa sumu inayohitaji kutolewa. Unaamini hivyo kwa sababu mimi nilikufundisha.

Skola, Deusi hakumuua mama yako. Sindano yake haikumuua. Mama yako alikuwa ameshauawa kabla hatujafika hospitali, na mkono uliomshikia kikombe ulikuwa huu ninaoandikia.

Nikuanzie mbali kidogo, ili usije ukadhani nilikuwa mwendawazimu. Nilikuwa na akili zangu zote, na cheti.

Bibi yangu, yule aliyenilea kule Majimoto, alikuwa na desturi. Mvua za kwanza zikinyesha, baada ya miezi ya kula makapi na mboga za porini, alikuwa akichimba mzizi fulani wa kando ya mbuga, anauchemsha, na sisi watoto tunapangwa mstari. Kila mmoja kikombe kidogo. Mzizi ule ni mchungu mpaka masikio yanauma. Baada ya muda mfupi kila mtu anakimbilia kichakani, na aliyechelewa huchekwa mpaka mavuno. Jioni bibi anatupikia uji wa mtama wenye karanga, tunalala. Ndiyo basi. Siku moja kwa mwaka, kwa watoto wenye afya, na chakula kinafuata. Bibi hakuwahi kusema neno sumu. Alisema tumbo limechoka, tulipumzishe.

Mimi ndiye niliyeleta neno sumu. Miaka ile mjini Mpanda walijaa watu wa kusafisha mwili. Stendi walikuwepo na vipaza sauti: safisha figo, safisha ini, safisha damu, safisha kizazi. Alikuja hata kijana mmoja wa tai na mashine yake, unashika kijiti cha chuma, mashine inakuambia sumu zako zote kama mtu anayesoma majina ya wanafunzi. Niliwacheka wale. Nilijiona mwalimu wa baiolojia, mtu wa kidato na chuo, siwezi kudanganywa na mtu wa stendi. Lakini nilikuwa naamini kitu kilekile, ila kwa Kiswahili kizuri zaidi. Nilisema mwili ni bomba, na bomba huziba. Nilisema vyakula vya siku hizi vina kemikali, vidonge ni kemikali, na mizizi ya wazee wetu ni usafi. Nikauchukua mzizi wa bibi, nikaukausha, nikausaga, nikaupimia kwa kijiko. Nilipoupimia kwa kijiko nikauona umekuwa sayansi.

Ndipo miguu ya mama yako ikaanza kuvimba. Asubuhi uso nao ulikuwa umetuna, macho yamekuwa madogo. Alinieleza kwa aibu kwamba mkojo wake una povu kama la sabuni. Nilimpeleka hospitali, hilo nilifanya, na tukamkuta Deusi. Alikuwa tabibu mpya, bado kijana. Nilimfundisha mimi kidato cha pili, alikuwa wa dawati la nyuma, mwandiko mbaya, mara nyingi anasinzia kwa sababu alikuwa anatoka mbali kwa miguu. Alimpima mama yako presha, akapima mkojo, akaniita pembeni kwa heshima zote.

"Mwalimu," akasema, "mkojo wa mama una protini nyingi. Figo zinavujisha. Presha nayo iko juu. Nampa vidonge aanze leo, halafu itabidi aende Mbeya akaonwe na wakubwa zaidi."

Nikamjibu mbele ya watu waliokaa kwenye benchi, "Protini nilikufundisha mimi, Deusi. Na ulipata ngapi?"

Benchi zima likacheka. Yeye pia alicheka, kwa adabu, akanipa vidonge. Mama yako hakucheka. Njiani aliniambia, "Baba Skola, yule mtoto alikuwa anazungumza habari zangu. Hakuwa kwenye mtihani wako." Nilimwambia anyamaze, apumzike. Vile vidonge nilivitia chooni siku ileile. Nilimwambia mwili uliojaa sumu hauongezewi sumu.

Shule zilipofungwa nikamchukua kwenda Majimoto, kwenye nyumba ya marehemu bibi. Wewe tulikuacha kwa shangazi. Ulilia ukitaka kuja kuogelea kwenye chemchemi ya maji ya moto, na mama yako akakuahidi atakuletea mchele mpya. Kule nilikuwa nimepanga kila kitu. Asubuhi anaoga maji ya chemchemi, jasho litoke. Kisha kikombe cha mzizi. Jioni kikombe tena. Chakula, uji mwembamba usio na chumvi wala sukari. Si siku moja kama ya bibi. Nilisema tutaendelea mpaka uvimbe uishe.

Uvimbe ulipungua kweli, Skola. Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Mtu anayeharisha na kutapika na kutoka jasho lazima apungue. Uso wake ulirudi mdogo, vifundo vikaonekana. Watu wa pale walikuja kutazama. Mwalimu kamponya mkewe kwa mzizi wa bibi yake. Wakaanza kuniomba niwape na wao.

Mama yako alikuwa na njaa. Pale Majimoto ni msimu wa mchele, kila nyumba inanukia ubwabwa. Siku moja akaniambia, "Baba Skola, nina njaa."

Nikamwambia, "Hiyo njaa si yako. Ni sumu ndiyo inayodai."

Akajibu, "Basi wape hao sumu ubwabwa kidogo, mimi nitasubiri nje."

Tulicheka wote wawili. Nimelikumbuka hilo kila siku ya maisha yangu. Alikuwa anaomba chakula, na aliomba kwa mzaha kwa sababu aliniheshimu, na mimi nikacheka na nisimpe.

Nilikuwa nampimia mkojo. Nilimwambia akojoe kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, na kila asubuhi niliiinua juani nitazame rangi. Mkojo ulianza kuwa mweusi. Kwanza kama chai ya rangi, halafu kama soda ile nyeusi. Mtu yeyote aliyesoma kitabu nilichokifundisha mimi angejua maana yake. Mimi niliushikilia juani, mbele ya watu, nikasema, "Mnaona? Inatoka." Kulikuwa na mama mmoja aliyepiga vigelegele. Mama yako alikuwa ameegemea ukuta, amejifunika kanga, anatutazama jinsi tunavyofurahi.

Nilikuwa nimechora figo ubaoni mara nyingi kuliko nilivyochora kitu kingine chochote. Nilijua kuwa mwili una wafagiaji wake, wawili, kila mmoja kama ngumi, na kwamba wanafanya kazi ya kusafisha usiku na mchana bila kuambiwa. Nilijua kwamba mkojo mweusi si takataka zinazotoka nje. Ni wafagiaji wenyewe wanaotoka nje. Nilijua, nikaiinua ile chupa.

Halafu mkojo ukakoma. Siku nzima hakuna kitu. Nikamwambia, "Sasa umekuwa safi. Hakuna kilichobaki cha kutoa." Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Kesho yake alianza kwikwi isiyokatika, akawa anatapika hata maji, ngozi inamwasha, pumzi ina harufu kama ya mkojo. Akaanza kuniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Hapo niliogopa. Woga uliondoa ile elimu yote kichwani kama upepo unavyoondoa pumba.

Tulimpakiza kwenye pikipiki, kati yangu na dereva, mpaka Kibaoni, tukapata gari. Njia nzima ya kupita mbugani kichwa chake kilikuwa begani kwangu. Hospitali usiku ule zamu ilikuwa ya Deusi.

Alimgusa tumbo, akamtazama macho, akampima presha mara mbili kama asiyeamini. Akaniuliza, "Mwalimu, mama alikuwa anakunywa nini?"

Nikamjibu, "Maji."

Akasogea karibu, akashusha sauti wauguzi wasisikie. "Hata kama ni mizizi, mwalimu, niambie tu. Simwambii mtu. Nikijua ni nini, nitajua pa kuanzia."

Nikasema, "Nimeshakuambia. Maji."

Hili, Skola, ndilo ninalolibeba zaidi. Kumpa mzizi, naweza kusema nilikuwa mjinga. Kutupa vidonge, naweza kusema kiburi. Lakini pale mbele ya kitanda sikuwa mjinga tena. Nilijua. Kijana alinipa mlango wa kupita bila hata mtu kuniona, na mimi niliona afadhali mke wangu afe kuliko mwanafunzi wa dawati la nyuma ajue nimekosa. Labda asingepona hata hivyo. Hilo hakuna anayeweza kusema. Lakini nilimfanya afanye kazi gizani.

Alimchoma sindano ya kujaribu kurudisha mkojo. Mama yako alifariki kabla ya kengele ya misa ya kwanza.

Siku ya msiba, watu wamejaa uani, mzee mmoja wa mtaani aliniuliza imekuwaje, maana walikuwa wamesikia kutoka Majimoto kwamba amepona. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nikasema sentensi moja: "Alikuwa anaendelea vizuri, mpaka alipochomwa sindano."

Sikumtaja mtu. Sikuhitaji. Wewe ulikuwa umekaa mapajani kwa shangazi yako, na nilikuona unainua kichwa. Ulikuwa na umri wa kukumbuka. Kuanzia siku ile ukiona koti jeupe la hospitali ulikuwa unajificha nyuma ya miguu yangu, na mimi nilikuwa nakupapasa kichwa, nakwambia usiogope, hawatakuchoma.

Deusi hakujitetea. Angesema nini? Wanawake walianza kuwanyanyua watoto wao kwenye benchi wakiona zamu ni yake. Vijana walimkatia kiti cha pikipiki kwa kisu. Mkewe alikuwa anauza dagaa sokoni, watu wakawa wanaruka meza yake. Mwisho aliomba uhamisho, akapelekwa Mishamo, kwenye makazi yale waliyokuwa wakikaa wakimbizi, mahali ambapo wakati ule hakuna aliyekuwa anaomba kwenda. Siku alipokuwa anaondoka nilikutana naye stendi. Nilifikiri atanitemea mate. Alisimama, akashusha godoro alilolibeba kichwani, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nikasema, "Marahaba." Akalibeba godoro lake.

Uongo ni kama mfugo, ukishakuwa nao lazima uulishe. Watu waliendelea kuniulizia mzizi, maana habari iliyobaki ilikuwa hii: mzizi ulimponya mke wa mwalimu, hospitali ikamuua. Kama ningekataa kuutoa wangejiuliza kwa nini. Basi niliendelea kuusaga. Sikuuuza, niliwapa bure, na nikajiona mtu mwema. Na kila mvua za kwanza zilipoanza nilikaa nawe mezani, nikamimina vikombe viwili, changu na chako. Nilitaka watu waone. Nilitaka na mimi nione. Nilijiambia, kama mwanangu anakunywa na yuko mzima, basi mzizi hauna kosa, na mimi sina kosa. Ulikuwa unakunja uso, unameza, halafu unageuza kikombe juu chini unionyeshe. "Nimemaliza, baba. Ona." Na mimi nilikuwa nakusifu.

Sijui kama miguu yako inavimba kwa sababu ya damu ya mama yako au kwa sababu ya vikombe vyangu. Huenda ni vyote viwili. Sitajua, na sistahili kujua lililo jepesi zaidi.

Mimi mwenyewe, daktari wa hapa mjini ameshaniambia figo zangu zimebaki kidogo sana. Wewe uliambiwa ni uzee. Nimekataa kupelekwa Mbeya, na usilifanye hilo kuwa mfano. Mimi ni mtu wa kumaliza, wewe ni mtu wa kuanza. Kwikwi imenianza wiki hii. Naijua. Nimeshakaa karibu na kwikwi hiyo. Naona tu ajabu kwamba siogopi kufa kama ninavyoogopa sauti ya geti utakaporudi jioni.

Nimejiuliza sana kwa nini niliipenda kazi ile ya kusafisha. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa na kitu ndani yangu ambacho sikutaka kukisema, na nikitoka chooni, mwepesi, tumbo tupu, kwa saa chache nilijisikia kama mtu aliyeungama. Padri nilikuwa namwambia dhambi nyingine zote. Hii nilimwambia mwezi uliopita tu. Akaniuliza kama nimemwambia mtoto. Nikasema bado. Akasema basi hujamaliza kuungama, akaniacha nikae hapohapo peke yangu.

Jumapili, ulipokuwa kanisani, nilimpigia simu Deusi. Namba nilipewa na mwanafunzi wangu mwingine. Alipojua ni mimi alisema, "Mwalimu," basi, akangoja. Nilimwambia yote, tangu vidonge vya chooni mpaka ile sentensi ya msibani, na kwamba wewe unakwenda Mishamo na miguu imevimba. Hakunikatiza. Nilisikia kuku upande wake, na mtu anatwanga.

Akasema, "Mama yangu alikufa hapo Mpanda, mwalimu. Walimzika mimi sipo. Ndugu zangu waliniambia nisije, nitaleta fujo msibani."

Nilisema samahani, na neno lenyewe lilitoka dogo, nikaona aibu hata kulitamka. Hakulijibu. Nilitegemea atakata simu. Badala yake akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya kazini, "Huyo binti, uvimbe ni asubuhi au jioni? Usoni upo? Mkojo una povu?" Nikamweleza niliyoyaona. Akauliza tena anakunywa nini. Safari hii nilimwambia.

Akasema, "Mwambie aache leo. Aje asubuhi kabla hajala wala kunywa, nimpime mkojo na damu. Aje na hilo kopo, nilitazame. Na mwambie mwenyewe, mwalimu. Asije hapa akinichukia, hatanisikiliza." Kisha akakata bila kuaga.

Kwa hiyo kopo sijalitoa kwenye begi lako. Ningeweza. Nilinyoosha mkono nikaurudisha. Nimeshakufanyia mengi kimyakimya, na kulitoa bila wewe kujua lingekuwa moja zaidi. Usilinywe. Mpelekee. Na usisubiri miguu iume. Ya mama yako haikuwahi kuuma.

Alhamisi jumuiya ya kanisa wanasali hapa nyumbani. Nimemwomba mwenyekiti anipe nafasi mwishoni, na nitawaambia kuhusu Deusi, kwa jina lake na kwa jina langu. Ndugu zake nimewaomba waje, sijui kama watakuja. Habari zitakufikia Mishamo kwa simu kabla sijamaliza kukaa chini. Nilitaka uzisikie kwangu kwanza.

Nilifikiria kuiweka barua hii ndani ya begi, uisome ukiwa umeshafika, mbali nami. Nikaona huo ni ule ule woga. Nitakupa mkononi ukirudi kutoka Makanyagio. Isome hapa hapa nyumbani, mimi nikiwa chumba cha pili, ili kama una neno la kunitupia, usihitaji nauli ya kurudi kulitupa. Niulize chochote. Safari hii sitasema maji.

Na kama hutakuwa na neno, sawa. Kesho basi linaondoka alfajiri. Nitakuwa nimeketi sebuleni, nimevaa. Ukipita mbele yangu bila kunitazama, ukachukua begi lako na kufunga mlango, sitakuita. Sitamtuma mtu aniombee msamaha kwako. Nitasikiliza hatua zako mpaka barabarani, na nitaomba jambo moja tu: kwamba ukiwa Mishamo, siku ya kwanza ya kazi, kabla hujaenda shule, uende kwanza kwa yule niliyekufundisha kumchukia, umpe mkono wako atoe damu.

Baba yako